Eratosthenes na Chekeche la Namba Tasa

Utangulizi

Ndugu wanachuo, maisha ya mtu huyu tunayaandika kwa sababu tuna deni. Katika mwaka wetu wa kwanza wa kazi, kabla hatujaingia katika ukufunzi, tulipewa darasa la tano katika shule moja ya kijijini. Siku ya somo la namba tasa tuliingia darasani na orodha kichwani. Tuliiandika ubaoni kuanzia 2 mpaka 59, tukawaamuru watoto wainakili na kuikariri. Katika orodha hiyo tuliandika pia 51. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alisimama akasema kwamba 51 si namba tasa. Juu ya dawati lake alikuwa amepanga maharage katika safu 3, na kila safu ilikuwa na maharage 17. Tulimwamuru akae. Tulimwambia kwamba ubao umeandikwa na mwalimu, na maharage ni ya kupika.

Jioni, tulipokuwa tukisahihisha madaftari, tuliliona kosa letu limenakiliwa katika kila daftari. Kesho yake tuliifuta 51 ubaoni bila kueleza sababu, wala yule msichana hatukumtaja. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika somo letu mpaka mwaka ulipokwisha.

Baadaye, tulipokuwa tukisomea stashahada, tulikutana na habari za Eratosthenes, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Tulitambua kwamba yule mtoto na maharage yake alikuwa karibu zaidi na mtu huyo kuliko sisi na chaki yetu. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha yake, na kuonyesha kile ambacho mwalimu wa shule ya msingi anaweza kujifunza kwake.

Kuzaliwa na masomo yake

Eratosthenes alizaliwa mnamo mwaka 276 K.K. katika mji wa Cyrene, karibu na pwani ya kaskazini ya Afrika, katika nchi ambayo leo ni Libya. Mji huo ulikuwa umejengwa na walowezi wa Kigiriki zaidi ya miaka 300 kabla yake. Kwa hiyo alikuwa Mgiriki kwa lugha na malezi, na mzaliwa wa bara letu.

Alipokuwa kijana alivuka bahari kwenda Athens, mji uliosifika wakati ule kwa walimu wa falsafa. Hakukaa chini ya mwalimu mmoja. Alimsikiliza huyu, akamsikiliza na yule, ingawa walimu hao walipingana wao kwa wao. Alitunga mashairi, akaandika juu ya falsafa, akachunguza lugha na tamthilia za kale. Mtu wa namna hiyo hakuwa na jina katika siku zile, naye akajichagulia jina lililo na maana ya mpenda elimu.

Kuitwa Alexandria

Mnamo mwaka 245 K.K. Mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri alimwita Eratosthenes aje Alexandria. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Mji wa Alexandria ulikuwa bado mchanga, kwani ulianzishwa mwaka 331 K.K., lakini wafalme wake walikuwa wamejenga maktaba iliyokuwa na sifa kuliko zote za zama zile. Vitabu vyake havikuwa na kurasa zilizoshonwa kama vyetu. Vilikuwa magombo ya mafunjo, matete yanayoota kandokando ya mto Nile.

Eratosthenes alikabidhiwa usimamizi wa maktaba hiyo, na pamoja nao kazi ya pili ambayo yatupasa kuikumbuka: alikuwa mwalimu wa mtoto wa mfalme. Mtoto huyo ndiye aliyetawala baadaye kwa jina la Ptolemy wa Nne, kuanzia mnamo mwaka 221 K.K. Mwanahistoria Polybius anamweleza mtawala huyo kuwa mtu wa anasa aliyepuuza mambo ya dola. Basi mwanachuo asivunjike moyo kupita kiasi anapoona mwanafunzi wake amepotea. Hata mwalimu aliyezungukwa na vitabu vyote vya dunia ya wakati wake hakuweza kumfanya kila mwanafunzi awe vile alivyotaka.

Jina la utani

Wasomi wenzake wa Alexandria walimpa Eratosthenes jina la utani. Walimwita Beta, yaani herufi ya pili katika alfabeti ya Kigiriki. Maana yake ilikuwa kwamba katika kila elimu alikuwa wa pili. Katika hesabu yupo aliyemzidi, katika ushairi yupo aliyemzidi, katika falsafa vivyo hivyo. Aligusa kila kitu, wakadai, wala hakuwa wa kwanza katika chochote.

Tunalitaja jina hili kwa makusudi. Mwalimu wa shule ya msingi naye huingia darasani na hesabu saa mbili, na Kiswahili saa tatu, na maarifa mengine baada ya mapumziko. Katika kila somo yupo mtu mahali fulani anayelijua zaidi kuliko yeye. Aidha, wengi wenu mmesikia majumbani mwenu kwamba ualimu ni kazi ya waliokosa nafasi pengine. Hapa Nyamisangura tumekaa na wanachuo jioni, tukawasikia wakikiri kwamba waliposafiri kuja chuoni hawakumwambia jirani waendako. Hao wote wamepewa jina la Beta, ijapokuwa kwa lugha nyingine.

Natutazame basi kile alichofanya huyo aliyeitwa wa pili.

Chekeche

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wagiriki walizijua kabla ya Eratosthenes. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria mnamo mwaka 300 K.K., alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba namba hizo hazina mwisho. Lakini kujua kwamba kitu hakina mwisho si sawa na kujua namna ya kukipata. Ukipewa namba yoyote na kuulizwa kama ni tasa, itakubidi ujaribu kuigawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, na kuendelea. Kisha utaichukua inayofuata na kuanza upya. Kazi hiyo huchosha, na mtu aliyechoka hukosea. Sisi tulichoka, tukaandika 51.

Eratosthenes aligeuza swali. Badala ya kuzitafuta namba tasa, aliziondoa zile zisizo tasa. Njia hiyo ikaitwa chekeche, na jina hilo linawafaa sana watoto wetu. Kila mtoto wa Tarime amemwona mama yake akichekecha unga wa ulezi au wa muhogo. Mama hazitafuti chenga moja moja ndani ya unga. Hutikisa chekeche, unga ukapita, na chenga zikabaki juu zenyewe.

Darasani tufanye hivi. Watoto waandike namba kuanzia 2 mpaka 100 katika safu za kumi kumi, au wazipange juu ya vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa chaki. Namba 1 iachwe nje, maana haimo katika namba tasa. Namba ya kwanza ni 2. Tuizungushie duara, kisha tuhesabu mbili mbili na kukata kila kigawe chake: 4, 6, 8, mpaka 100. Namba 49 zitakatwa. Namba inayofuata isiyokatwa ni 3. Tuizungushie duara, tuhesabu tatu tatu, na tukate vigawe vyake ambavyo bado vimesimama, kuanzia 9. Vitakatwa 16, na mmojawapo ni 51, iliyotuaibisha. Inafuata 5, nayo itakata sita tu: 25, 35, 55, 65, 85 na 95. Inafuata 7, nayo itakata tatu: 49, 77 na 91.

Hapo kazi imekwisha. Zimekatwa 49, na 16, na 6, na 3, jumla 74. Tulianza na namba 99, kwa hiyo zimebaki 25. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo chini ya 100. Wala hatukugawanya hata mara moja. Tulihesabu kwa kuruka, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili analiweza.

Mtoto mwerevu atauliza kwa nini tunasimama kwenye 7 na hatuendelei kwa 11. Swali hili lisiogopwe, kwani ndilo kiini cha somo. Kama namba iliyo chini ya 100 imetokana na namba mbili zilizozidishwa, haiwezekani zote mbili zizidi 10, maana 11 mara 11 ni 121. Lazima moja iwe 10 au pungufu, na kwa hiyo imekwisha kukatwa na 2, 3, 5 au 7. Mwalimu asilitoe jibu hili haraka. Awaache watoto waendelee kwa 11 na waone wenyewe kwamba 22, 33, 44 na nyinginezo zimekwisha kukatwa zamani.

Tuseme pia neno juu ya jina. Kiswahili kimeziita namba hizi tasa, na neno hilo katika maisha ni zito. Katika vijiji vyetu, mwanamke asiye na mtoto amelibeba neno hilo kwa machozi, na huenda darasani akawamo mtoto ambaye shangazi yake huitwa hivyo. Mwalimu asiliache likawa dhihaka. Aeleze kwamba namba hizo zimeitwa hivyo kwa kuwa hazigawanyiki katika nyingine ndogo. Kisha aonyeshe kwamba kila namba nyingine kubwa kuliko 1 hujengwa kwa kuzidisha namba tasa tu: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 90 ni 2 mara 3 mara 3 mara 5. Namba zilizoitwa tasa ndizo zilizozizaa nyingine zote.

Kupima dunia

Sifa kubwa ya Eratosthenes kwa watu wengi ni kwamba alipima mzingo wa dunia bila kutoka Misri. Kitabu alichokiandika juu ya jambo hili kimepotea, lakini mwandishi wa kale Cleomedes ametueleza njia yake.

Eratosthenes alipata habari kwamba katika mji wa Syene, unaoitwa leo Aswan, siku moja ya mwezi Juni jua husimama utosini adhuhuri, na mti uliosimikwa wima hauna kivuli. Siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, Alexandria kivuli kipo. Alipima pembe ya kivuli hicho, akapata sehemu moja ya hamsini ya duara zima, yaani nyuzi 7 na sehemu 2 za kumi kwa vipimo vyetu. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadi 5,000, stadi ikiwa kipimo cha Kigiriki cha urefu. Basi mzingo wa dunia ni mara hamsini ya umbali huo, yaani stadi 250,000.

Stadi hazikuwa na urefu mmoja kila mahali. Tukiichukua iliyo fupi, ya mita 157 na nusu, jibu lake hukaribia sana kilometa 40,000, na mzingo wa dunia kupitia ncha zake ni kilometa 40,008. Tukiichukua iliyo ndefu, ya mita 185, jibu lake linazidi kwa sehemu moja hivi ya sita. Hata hivyo njia ilikuwa sahihi, na ndilo jambo kuu kwa mwalimu. Mtoto aliyekosea kuzidisha lakini akaelewa njia ana hali njema kuliko aliyenakili jibu.

Baadaye Eratosthenes alitumia stadi 252,000 badala ya 250,000. Wataalamu wengi huona kwamba aliongeza 2,000 ili apate namba inayogawanyika kwa urahisi. Hapa mkufunzi wa hesabu hawezi kunyamaza. Kigawe kidogo cha shirika cha namba zote kuanzia 1 mpaka 10 ni 2,520, inayotokana na 2 mara 2 mara 2 mara 3 mara 3 mara 5 mara 7. Ukiizidisha kwa 100 unapata 252,000. Namba tasa nne zilizosafisha chekeche letu, yaani 2, 3, 5 na 7, ndizo zinazoonekana ndani ya kipimo cha dunia.

Sisi wa Tarime tuna bahati katika somo hili. Mji wetu uko kusini kidogo ya ikweta, kwa nyuzi 1 na theluthi moja hivi. Kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na tarehe 26 Septemba, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Mwalimu asimike mti ulionyooka uwanjani, na watoto wapime kivuli kila siku kwa juma zima. Watakiona kikipungua mpaka kutoweka, kisha kikarudi upande wa pili. Zana ya somo hilo ni mti mmoja na kamba yenye jiwe la kuunyoosha wima.

Mto unaoanzia kwetu

Eratosthenes ndiye aliyeunda neno linalotumika katika lugha nyingi kwa somo la jiografia, akaandika vitabu vitatu juu yake. Aliuchora mto Nile kwa usahihi mkubwa kuelekea kusini, akaonyesha matawi yake yatokayo Ethiopia, na akadokeza kwamba chanzo chake kimo katika maziwa. Aidha alikubali kwamba mafuriko ya kila mwaka ya Misri husababishwa na mvua zinazonyesha kusini.

Hakufika huku. Lakini mto Mara, unaopita kusini ya Tarime, huingia katika Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hilo hutoka Jinja nchini Uganda kuanza safari ya Nile mpaka bahari ya Misri. Mvua inayonyesha juu ya mashamba yetu imo katika maji yaliyootesha mafunjo ya magombo yake. Tukiwaambia watoto habari za Alexandria, tusiwaambie kana kwamba ni mahali pasipo na uhusiano na kwao.

Katika vitabu hivyohivyo, kama anavyosimulia Strabo, Eratosthenes aliwalaumu wale waliowagawa wanadamu katika Wagiriki na washenzi. Aliona ni afadhali kuwagawa kwa wema na ubaya wao, kwa kuwa Wagiriki wengi walikuwa wabaya, na watu wengi wa mataifa mengine walikuwa wastaarabu. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyekula chakula cha mfalme wa Kigiriki.

Rafiki aliyemwandikia

Yule ambaye Wagiriki wote walimhesabu kuwa wa kwanza katika hesabu, Archimedes wa Syracuse, alimheshimu huyu aliyeitwa wa pili. Alimwandikia kitabu kwa njia ya barua, ambamo hakueleza matokeo tu, bali alieleza namna alivyoyagundua: alivyopima maumbo mawazoni kana kwamba yamewekwa katika mizani, kabla ya kutafuta uthibitisho kamili.

Barua hiyo ilipotea kwa muda mrefu. Nakala yake iliyoandikwa katika karne ya 10 ilikwanguliwa katika karne ya 13, na ngozi yake ikatumiwa kuandikia kitabu cha sala. Ni mwaka 1906 ndipo mtaalamu Heiberg alipoyatambua maneno ya Archimedes chini ya sala hizo, mjini Constantinople. Sisi tunaosoma jarida la mbinu za kufundishia tufahamu kwamba mtu mkuu wa hesabu alipotaka kueleza mbinu, si jibu tupu, alimchagua Beta. Aliona kwamba huyo angeithamini.

Uzee na mwisho wake

Eratosthenes aliishi miaka themanini hivi. Mnamo mwaka 195 K.K. macho yake yalipofuka. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kusoma, hilo lilikuwa pigo lisilo na kifani. Mapokeo ya kale yanasema kwamba alikataa chakula, akafa Alexandria mwaka uliofuata. Hatumsifu kwa hilo, wala hatuna haki ya kumhukumu. Vitabu vyake karibu vyote vimepotea, na tunamjua kwa vipande vilivyohifadhiwa na waliomfuata.

Chekeche baada yake

Je, chekeche lilitufikiaje? Lilihifadhiwa na walimu. Karibu na mwaka 100 B.K. Nicomachus wa Gerasa aliandika kitabu cha kufundishia hesabu, akalieleza chekeche humo na kumtaja Eratosthenes kwa jina. Kitabu hicho hakikuwa na uvumbuzi mkubwa, lakini kilifaa darasani. Katika karne ya 9 Thabit ibn Qurra alikitafsiri kwa Kiarabu. Huko Ulaya, Boethius alikuwa amekwisha kukiandika upya kwa Kilatini karibu na mwaka 500, na wanafunzi wakajifunza kwacho kwa karne nyingi. Magombo ya wafalme yaliangamia, lakini kitabu cha shule kilidumu.

Leo chekeche limeingia katika kompyuta. Mara nyingi mtu anayejifunza kuandika programu hupewa kazi hii mapema, na wengi huendelea nayo kwa kujifurahisha tu baada ya kazi zao. Sisi pia jioni moja tuliketi na wanachuo wachache mbele ya kompyuta, tukaandika programu ndogo ya mistari michache. Iliiambia mashine iweke alama kwenye kila namba mpaka 1,000, ianze na 2, ifute vigawe vyake, iende kwenye namba inayofuata isiyofutwa, na isimame namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe inapozidi 1,000. Kabla hatujavuta pumzi, namba tasa 168 zilikuwa mbele yetu. Tulipobadilisha 1,000 kuwa 1,000,000 zilitokea 78,498. Tulitazama kwanza kama 51 imo. Haikuwamo.

Watu wa burudani hii wamefika mbali. Lipo kundi la watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa kubwa, lililoanzishwa mwaka 1996. Mwaka 2024 mmoja wao aligundua namba tasa yenye tarakimu 41,024,320.

Hata hivyo, jioni ile tulijifunza jambo jingine. Mwanachuo mmoja aliyeandika programu kwa ustadi kuliko wenzake aliulizwa kwa nini mashine isimame kwenye 31. Alijibu kwamba ndivyo alivyoona imeandikwa. Tulimpa kokoto mia moja, akaenda nje barazani. Baada ya nusu saa alirudi akicheka, akatueleza sababu kwa maneno yake mwenyewe. Kompyuta ni chombo kizuri panapo umeme na fedha za kuinunua. Lakini anayeanza na kokoto ataielewa kompyuta, na anayeanza na kompyuta huenda bado akahitaji kokoto.

Hitimisho

Eratosthenes hakuwa wa kwanza kujua namba tasa, wala hakuthibitisha kwamba hazina mwisho. Alifanya jambo la pili: alipata njia ambayo mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kuifuata kwa mikono yake na kufika penye ukweli bila kumtegemea aliyeandika ubaoni. Kazi ya mwalimu wa shule ya msingi ndiyo hiyo. Tusilionee haya jina la Beta.

Wanachuo mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha, fanyeni mambo matatu. Kwanza, wapeni watoto chekeche la namba mpaka 100 kabla hamjaandika namba tasa hata moja ubaoni. Pili, waacheni wagundue wenyewe mahali pa kusimama. Tatu, wafikapo 91, ambayo wengi huidhania kuwa tasa, waulizeni ni nani anayeweza kuipanga katika safu zilizo sawa, kisha nyamazeni mngojee.

Na mtoto yeyote akisimama na maharage yake kuwaonyesha kwamba mmekosea, andikeni jina lake ubaoni kando ya namba aliyoikosoa, ili darasa zima lilione. Sisi nafasi hiyo tuliipata mara moja, tukaipoteza. Yule msichana sasa ni mtu mzima, nasi hatujui kama bado anapenda hesabu.